Jiji la Dodoma, mkipima viwanja pimeni na mashamba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niliseme hili, maana nimeshalisema sokoni, nimelisema kwenye mkutano wa mtaa, na kila nikilisema watu wanatikisa kichwa kwamba ni kweli halafu tunaendelea na mengine. Jiji letu la Dodoma linapima viwanja kila upande, Nala, Mtumba, Iyumbu, Nzuguni, Mahomanyika, Matumbulu, na matangazo tunayaona kila siku, viwanja vya makazi, viwanja vya biashara, vya huduma, vya ibada, vya viwanda. Sijawahi kuona tangazo la kupima shamba. Yaani mji ukishafika mahali basi pale kulima kumekwisha, hata kama mahali penyewe ndipo palipokuwa panalisha mtaa mzima. Mimi nasema mashamba nayo yapimwe, yapigwe bikoni, yaandikwe kwenye ramani kwamba hapa ni pa kulima na hapajengwi, na anayelima pale apewe karatasi yake kama anavyopewa mwenye nyumba.

Nauza mboga na nyanya Majengo, miaka mingi sasa, kwa hiyo najua vitu vinavyoingia mjini hapa vimetoka wapi, maana ukipokea gari alfajiri swali la kwanza kwa dereva ni mzigo wa wapi huu. Nyanya leo ni za Ilula, kesho za Dumila, kuna miezi tunapata za Mpwapwa. Vitunguu ni Singida na Ruaha Mbuyuni. Viazi mviringo Njombe, viazi vitamu Gairo. Karoti na hoho zinashuka kutoka Lushoto, machungwa Muheza, ndizi za kupika zinatoka Tukuyu na Kilimanjaro. Mahindi mengi yanapita Kibaigwa, na pale Kibaigwa mzigo mkubwa ni wa Kongwa na Kiteto. Mchele ukikosa wa Bahi basi ni Kilombero, Mbeya au Shinyanga. Samaki Mtera na Mwanza, kuku wa kienyeji Singida. Sasa ukishatoa hivyo vyote, cha Dodoma mjini kinachobaki ni nini? Ni majani. Mchicha, chainizi, matembele, figili, mnafu, majani ya maboga, mlenda. Hivi ndivyo vinavyokuja kwa miguu, kwa baiskeli na kwa bodaboda kutoka ndani ya kata zetu wenyewe, na hivi ndivyo vinavyoondoka sasa hivi huku tunaangalia.

Naomba watu waelewe kwa nini majani ni ishu kubwa kuliko yanavyoonekana. Nyanya inavumilia tenga, inavumilia safari na milima ya Gairo, ingawa zile za chini ya tenga zinafika zimepondeka na hasara inakuwa ya kwetu. Mchicha hauvumilii. Ukikatwa jioni inabidi asubuhi uwe umeshauzwa, ikifika saa nane mchana kwa jua letu hili umeshanyauka na bei unashusha mwenyewe bila kuombwa. Huwezi kuuleta mchicha kwa fuso kutoka mkoa mwingine ukamuuzia mtu fungu kwa bei ya mama wa Chang'ombe au Nkuhungu mwenye watoto watano. Kwa hiyo shamba la mchicha likihamishwa kilomita arobaini, yule mama hapati mchicha wa bei ya juu kidogo, anakosa kabisa, anakula ugali na chumvi au na kipande cha dagaa. Dar es Salaam watafiti walishaliona hili tangu miaka ya 1990, kwamba mboga za majani nyingi zinazoliwa mjini zilikuwa zinalimwa humo humo mjini, mabondeni na kwenye maeneo ya wazi. Na sisi hapa ndivyo ilivyo, ila mabonde yetu ni machache zaidi na mvua yetu ni ndogo zaidi.

Tuangalie idadi. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 410,956 hapa Dodoma mjini. Sensa ya 2022 ikatukuta 765,179. Karibu mara mbili kwa miaka kumi, na hiyo ni kabla watu wengine hawajaja na wizara zao na familia zao na wafanyakazi wao. Piga hesabu ndogo tu, kila mtu ale robo kilo ya unga kwa siku, hiyo ni tani 190 na ushee kila siku inayoenda kwa Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na hapo hujaweka mchele, hujaweka mboga, hujaweka mafuta wala maharage. Nani amekaa chini akapanga hizo tani zitatoka wapi mwaka 2035? Barabara zimepangwa, na nashukuru kwa kweli zimepangwa vizuri, ile ya mzunguko wa nje ni kilomita 112.3, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu inarudi Nala. Maji yanapangwa, kuna bwawa la Farkwa kule Chemba tunalisubiri. Uwanja wa ndege wa Msalato umepangwa. Chakula kimeachiwa sisi wachuuzi na madereva wa fuso.

Na ile barabara ya mzunguko naomba niisemee maana ndiyo inayonitisha. Siipingi, itaondoa malori katikati ya mji, itasaidia hata mizigo yetu. Lakini kila mtu anayejua Dodoma anajua barabara ikipita mahali, madalali wanafika kabla ya greda. Huko inakopita ndiko kulikokuwa na mashamba ya mtama, uwele, karanga, alizeti na mizabibu, na kwenye mabonde ndiko kulikokuwa na bustani. Nenda leo uulize eka moja, hutaambiwa inatoa magunia mangapi, utaambiwa inatoa viwanja vingapi.

Kuna watu wakisikia kilimo Dodoma wanacheka, Dodoma jangwa, Dodoma wanalima nini. Hawa ni wageni, siwalaumu. Ni kweli mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba ikichelewa, Aprili imekwisha, na kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 tu. Lakini hiyo hiyo ndiyo sababu ya kulinda ardhi, siyo sababu ya kuiuza. Mahali penye mvua mwaka mzima ukijenga juu ya shamba unasogea mbele unakuta shamba lingine kama lile. Hapa kwetu ardhi sio sawa sawa. Juu kwenye miinuko ni kichanga chekundu, kinakauka haraka na kikishakanyagwa kinakuwa kigumu ajabu. Chini kwenye mbuga na kandokando ya makorongo ndiko kuna udongo mweusi unaokaa na unyevu hadi Julai, wengine hadi Septemba wakichimba visima vifupi. Hizo mbuga ni kidogo sana ukilinganisha na eneo lote la Jiji, na ndizo zinazofanya mtu aweze kuvuna mboga kiangazi. Mwenye akili angejenga juu akalima chini. Sisi tunajenga kote, na ukijenga kwenye mbuga udongo ule unavimba masika na kupasuka kiangazi, nyumba inapata nyufa, na mvua kubwa ikija maji yanaingia ndani halafu tunaomba serikali itusaidie. Yaani tunapoteza shamba na nyumba yenyewe haikai vizuri.

Baba yangu mdogo alikuwa na shamba upande wa Nala, eka kadhaa, juu analima uwele na alizeti, chini kwenye korongo ana bustani ya mboga na migomba michache. Kampuni moja ya upimaji ikaja na makaratasi, makubaliano yakawa wapime, wao wachukue sehemu ya viwanja kama malipo na yeye abakie na vilivyobaki. Watu wengi Dodoma wamepita njia hiyo. Sasa mzee alitaka kipande cha korongoni kibaki bustani, akaomba wazi wazi, baba yangu mdogo ni mtu wa kuongea polepole lakini anaongea. Akaambiwa kwenye mchoro hakuna matumizi ya aina hiyo, kuna makazi, kuna eneo la wazi, kuna barabara. Kwa hiyo bustani iliyokuwa inalisha familia na kunipa mimi mzigo wa kuuza ikageuka "eneo la wazi", na eneo la wazi leo wanamwaga kifusi. Viwanja alivyopata ameuza viwili, amejenga nyumba nzuri tu ya bati, simuonei huruma kwa hilo, alistahili. Ila leo anakuja Majengo kununua mchicha. Na hakuna mtu aliyemdhulumu, makubaliano alisaini, tatizo ni kwamba kwenye mchoro hapakuwa na neno shamba, na kisichokuwepo kwenye mchoro hakuna wa kukitetea.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Mpango wa kwanza kabisa wa mji huu, baada ya TANU kuamua mwaka 1973 makao makuu yahamie hapa, ulichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto na ukatoka 1976. Wazo lake halikuwa mji wa maghorofa, wazo lilikuwa mji uliotanda chini kwa chini, mtu akitembea kwa miguu, kama kijiji kikubwa cha nchi ya wakulima. Mtu anaweza kusema mpango ule ulipitwa na wakati, sawa, lakini walioufikiria walielewa kwamba nchi ni ya wakulima na makao makuu yake hayawezi kuona aibu kulima. CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, ilikaa na ardhi ile hadi ilipovunjwa Mei 2017, Dodoma ikawa Jiji Aprili 2018, na sasa tuna mpango kabambe wa 2019 hadi 2039. Kama ndani ya mpango huo yapo maeneo yametengwa kwa kilimo basi mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia, ila yatoke kwenye karatasi yaje ardhini. Yapigwe bikoni. Mwenyekiti wa mtaa ayajue, mtendaji wa kata ayajue, dalali ayajue kabla hajachukua hela ya mtu.

Nisiache kusema juu ya mlenda kwa sababu wageni wetu wameupenda, siku hizi hata kwenye hoteli wanauweka kwenye menyu. Mlenda mwingi haulimwi. Unajiotea wenyewe kwenye mashamba ya uwele na mtama na pembezoni mwa njia kuanzia mvua zinaposhika, akina mama na wasichana wanachuma Januari, Februari, wanaanika, wanatwanga, wanaweka kwenye magunia na vibuyu, na ule ndio unaoliwa hadi mvua nyingine. Mmama wa Kigogo mwenye gunia la mlenda mkavu na majani ya kunde makavu hana wasiwasi na kiangazi, ana mboga ya miezi sita ndani. Ni akiba ambayo haikulipiwa hata shilingi. Sasa nionyesheni kwenye viwanja vya kupimwa, ukuta kwa ukuta, pevingi blok hadi getini, mlenda utaota wapi. Wale akina mama wanaoniletea walikuwa wanachuma Ntyuka na Mkonze hapo hapo, sasa wanapanda bodaboda kwenda mbali na nauli wanaiweka kwenye bei, hawana namna. Wakati mwingine nawasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, nawauliza mbona leo mzigo mdogo, wananiambia mama, kule tulikokuwa tunachuma wameshaweka nguzo.

Halafu kuna hili la kutegemea barabara moja. Januari 2014 mafuriko yalibomoa daraja pale Dumila na barabara ya Morogoro na Dodoma ikakatika. Machi 2020 ikawa zamu ya Kiegea, Gairo. Kila mara magari yanalala huku na huku, tenga zinaanza kutoa maji, na sisi tunauza za juzi kwa bei ya dhahabu. Reli ya zamani nayo, mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 yaliivuruga ikakaa miezi. SGR imeanza kuleta abiria Dodoma mwaka 2024 na ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini nyanya bado zinakuja kwa fuso, na fuso linapita kwenye madaraja yale yale. Mji wa watu 400,000 daraja likikatika siku mbili unavumilia. Mji wa milioni moja na nusu utakuwaje? Nauliza kwa nia njema kabisa.

Wazee wa huku hawahitaji kuelezwa haya. Ugogo ina kumbukumbu ya Mtunya, ile njaa ya mwisho wa Vita ya Kwanza, 1917 hadi 1920. Kabla mvua haijakosa majeshi ya pande zote mbili yalipita huku yakachukua nafaka na ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, halafu ukame ukakuta vihenge vitupu, watu maelfu kwa maelfu wakafa. Sisemi tunarudi kule, leo kuna barabara, kuna NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, na maghala yake, kuna serikali inayojali. Ninachokumbusha ni kwamba nchi hii kavu siku zote imeishi kwa akiba na kwa kutawanya, shamba la juu na la chini, uwele na mtama kwa sababu vinavumilia, mlenda mkavu ndani, mbuzi wawili watatu. Ukiondoa vyote hivyo ukabakiza soko peke yake, umeondoa kinga ambayo watu walijifunza kwa kuzika watu wao.

Najua nitajibiwa kwamba kiwanja kinalipa kuliko mchicha. Kinalipa, nani anabisha. Kiwanja kinalipa mara moja. Bustani ya robo eka yenye maji inamlipa mama kila wiki, ada inatoka pale, sare zinatoka pale, mchango wa VIKOBA unatoka pale, na mtaa unakula. Lakini nakubali huwezi kumwambia mtu mmoja mmoja akatae hela ya kiwanja kwa ajili ya faida ya mji mzima, hiyo si haki. Ndiyo maana nasema hili ni la Jiji, siyo la mwenye shamba peke yake. Mwenye shamba lililoko mbugani afidiwe kwa kiwanja huko juu panapofaa kujengwa, abaki na haki ya kulima chini. Inawezekana, tunabadilishana viwanja kila siku kwa ajili ya barabara na shule.

Wengine watasema serikali imeshaanzisha mashamba makubwa ya BBT, ule mpango wa kilimo wa Building a Better Tomorrow, kule Chinangali, Chamwino, kwa vijana. Nayaunga mkono kwa moyo wote, vijana wapewe ardhi na maji na matreka. Ila yale ni mashamba ya mpango mkubwa, na mchicha wa Nkuhungu hauwezi kusubiri mpango mkubwa. Hivi vitu viwili havigombani. Mji unahitaji shamba kubwa la mbali na bustani ndogo ya karibu kwa wakati mmoja. Na huku kwetu tunakumbuka pia mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza 1947 na kufa 1951 kwa mamilioni ya pauni, mashine zikavunjika kwenye udongo mgumu na mvua haikuja walivyopanga, wakati mkulima wa Kigogo pembeni yao alikuwa anajua udongo upi unalimika na upi hapana. Hao wakulima wadogo ndio wataalamu wetu, tusiwahamishe bila hata kuwauliza.

Maji, nalo nitajibiwa maji. Maji ya kunywa ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka chini, visima vya Mzakwe bonde la Makutupora, na wataalamu waliofuatilia visima vile kwa zaidi ya miaka hamsini waligundua havijazwi na mvua za kawaida, vinajazwa na zile mvua kubwa za mara chache kama za El Niño ya 1997 na 1998. Kwa hiyo sitaki mtu achukue maji ya kunywa akamwagilie bustani, hapana. Lakini mji wa watu wengi unatoa majitaka mengi, na pale kwenye mabwawa ya majitaka Swaswa watu wanamwagilia kwa maji yale miaka na miaka, kila mtu anajua, na wateja wanaogopa, wengine wananiuliza kabisa mama hii sio ya Swaswa? Badala ya kuwafukuza au kujifanya hatuwaoni, wapimiwe maji, waelekezwe zao lipi lifae, majani yanayoliwa mabichi yasiwekwe pale, mizabibu na miti ya matunda na majani ya ng'ombe yawekwe. Maji ya mvua ya mapaa ya Mtumba peke yake, yale majengo makubwa ya wizara, yanaenda wapi yakishatua chini? Makorongo yanayachukua na udongo juu yake hadi yanajaza bwawa la Hombolo tope, bwawa lililochimbwa 1957 na kila mwaka linazidi kuwa la kina kifupi.

Haya ninayoomba sio ndoto. Mji wa Rosario kule Argentina ulipopigwa na msukosuko wa uchumi wa 2001, mwaka uliofuata wakaanza kuwapa watu wasio na kazi maeneo ya kulima mjini, na mwaka 2015 wakapitisha sheria ya kutenga hekta 800 pembezoni mwa mji ziwe za chakula, wakaja kupata tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo. Kampala hapa jirani walitunga sheria ndogo za kilimo cha mjini mwaka 2006 ili mtu anayelima au kufuga mjini awe na kibali asikimbizane na mgambo. Na sisi wenyewe, mkoa huu huu, mwaka 1973 ulianza mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi, na 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyokuwa yamemomonyoka, watu wakalalamika sana na maumivu yalikuwepo, lakini miti na majani vilirudi. Serikali ikiamua ardhi fulani ina kazi fulani, inaweza. Mwaka 2017 kuna utafiti ulitoka wa dunia nzima ukakadiria kwamba ikifika 2030 upanuzi wa miji utakuwa umemeza karibu asilimia 2 ya ardhi yote inayolimwa, na kwamba ardhi inayomezwa kwa wastani ina rutuba kuliko ile inayobaki, na sehemu kubwa ya hasara ni Asia na Afrika. Sisi tupo ndani ya hiyo hesabu. Wazee walijenga karibu na mahali penye chakula, ndiyo maana mji ukikua unakula kwanza mahali pazuri.

Sasa naomba nini hasa. Madiwani wa kata zote 41 wakikaa kwenye bajeti ya upimaji, waweke fungu la kupima mbuga na makorongo ya Jiji, waanze hata na mabonde mawili, la upande wa Mpunguzi na Matumbulu na lile la Hombolo, kabla barabara ya mzunguko haijavuta watu wote huko. Wayaandike kuwa ardhi ya chakula. Wanaolima pale sasa wapewe hati au leseni ya miaka ya kutosha, siyo ya mwaka mmoja, maana hakuna anayechimba kisima kwenye ardhi ya mwaka mmoja. Hati za makazi tulishazilalamikia enzi za CDA kwamba miaka 33 ni michache, zikarekebishwa, basi mkulima wa mchicha naye aonekane. Makubaliano ya upimaji kati ya wananchi na makampuni yawe na kipengele cha bustani, mwenye ardhi akitaka kubakiza sehemu ya korongoni aruhusiwe na ichorwe hivyo. Shule na ofisi mpya zenye maeneo makubwa ziwape akina mama wa jirani pembe ya kulima badala ya kuacha magugu. Na kwenye masoko yetu, Majengo, Sabasaba, lile Soko Kuu la Nzuguni, patengwe sehemu ya mzigo wa asubuhi kutoka kata za Jiji, ushuru wake uwe mdogo kuliko wa fuso, kwa sababu mama mwenye beseni moja la matembele hawezi kulipa sawa na mwenye tani saba.

Na kwa ndugu zetu wa mipango miji, nawaheshimu, kazi yenu ni ngumu na mnasukumwa na watu wanaotaka viwanja jana. Kabla ya mchoro unaofuata njooni Majengo saa kumi na moja alfajiri, mjitambulishe tu, tutawapitisha gari kwa gari na beseni kwa beseni, mtamuuliza kila mmoja shamba lake lipo wapi na lina bikoni au halina. Wengi watawajibu kwamba wameambiwa wavune haraka, upimaji unaanza baada ya mavuno. Orodha hiyo mkiondoka nayo mtakuwa mmeshapata mahali pa kuanzia.

Mfanyabiashara wa mboga,
Majengo, Dodoma